Barua ya wazi kwa wafadhili wa asasi za kiraia: hela zenu zinaondoka siku mageuzi yanapoanza

KWA: Wakuu wa mashirika ya wafadhili, mabalozi wenye mifuko ya demokrasia, na mashirika makubwa mnaopokea hizo hela na kuzigawa kwa vikundi vya chini

YAH: UFADHILI WA ASASI ZA KIRAIA KATIKA KIPINDI CHA MPITO

Waheshimiwa,

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mratibu wa kikundi kidogo cha elimu ya uraia, tuko kumi na moja, wanaolipwa ni wawili tu na hao wenyewe kwa kusuasua. Sijakurupuka kuja hadharani. Tuliandika barua mbili kwa ofisi iliyotupa ruzuku, tukajaza na ile fomu ya maoni ya wanufaika, tukaomba kikao tukapewa dakika ishirini kwenye simu ya video na afisa ambae wiki mbili baadae alihamishwa, na jibu tulilopata mpaka leo ni "asante kwa mrejesho wenu, tumeupokea". Basi. Nimeongea na wenzangu wa vikundi vingine na kila mmoja anasimulia yale yale, kwahiyo naandika kwenu wote, sio kwa ofisi moja.

Niseme kwanza kwamba hela zenu zimefanya kazi, sitaki mtu asome hii barua akadhani nawatukana. Kuna watu kwenye kikundi chetu walikuwa hawajawahi kushika katiba mkononi, leo wanakutajia kifungu na wanajua kimeandikwa nini. Hiyo imetokana na ruzuku, nashukuru na nitaendelea kushukuru.

Ninachowalalamikia ni kwamba hela za kipindi cha mpito, yaani kipindi cha nchi kutoka utawala wa zamani kwenda mpya, zinakuja na uchaguzi na zinaondoka na uchaguzi, wakati mageuzi yenyewe yanaanza matokeo yakishatangazwa, pale ambapo sheria za zamani zinatakiwa kufutwa moja moja, bajeti zinatakiwa kusomwa, polisi wanatakiwa kubadilika, na hakuna kamera hata moja. Nitaeleza hoja kwa hoja.

1. Kalenda yenu na kalenda ya mageuzi haziendani kabisa

Angalieni Gambia. Rais Yahya Jammeh alishindwa kwenye kura Desemba 2016 na Januari 2017 akaondoka nchini, watu wakalia kwa furaha barabarani. Sasa rasimu ya katiba mpya imekuja kupigiwa kura bungeni lini? Septemba 2020. Na ilianguka, wabunge 31 walisema ndio na 23 wakasema hapana, na ilikuwa inahitaji robo tatu. Hapo ni karibu miaka minne tangu kura ya Jammeh. Niambieni, kati ya ruzuku zenu za mpito ni ngapi zinafika miaka minne?

Kenya je? Kifungu cha 2A cha katiba ya zamani kilichokuwa kinazuia vyama vingi kilifutwa Desemba 1991, katiba mpya ikazinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, hesabuni wenyewe hiyo miaka. Alafu sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, yaani sheria inayotuhusu sisi watu wa asasi moja kwa moja, ilisainiwa Januari 2013 na ikaanza kutumika Mei 2024. Miaka 11 sheria iko kwenye karatasi, mahakama imeshaamuru zaidi ya mara moja ianze kutumika, na kuna watu wa asasi waliokuwa wanaifuatilia mwaka hadi mwaka bila kuchoka. Kazi kama ile haina picha ya kuweka kwenye ripoti, mtu anaenda mahakamani anarudi, anaandika barua, anakaa kwenye benchi la ofisi ya umma anasubiri.

Kwetu ilikuwa hivi. Ruzuku ilikuwa ya miezi 12. Andiko la mradi, uhakiki, maswali ya nyongeza, mkataba, mkataba kurudi kwa sababu ukurasa mmoja haukusainiwa, vyote hivyo vilikula miezi saba, na ile tarehe ya mwisho wa mradi haikusogezwa hata siku moja. Hela ilipoingia tukaambiwa kasi yetu ya matumizi iko chini, tuharakishe. Tukafanya warsha kumi na nne ndani ya wiki sita. Watu walikuwa wamechoka, wawezeshaji wetu wamechoka, mama mmoja akaniuliza mbona mnatukimbiza hivi kwani katiba inaisha muda wake, nikakosa cha kumjibu.

Uchaguzi ukapita. Miezi michache baadae kamati ya bunge ikatangaza kupokea maoni ya wananchi juu ya muswada wa serikali za mitaa, muswada ule ule tuliokuwa tumeufundisha, na wakatoa siku tisa tu. Tulikuwa na watu 40 walioandaliwa, kila mtu na kifungu chake, wengine wameandika hoja zao kwenye daftari. Ruzuku ilikuwa imefungwa mwezi uliotangulia. Tuliandika tukaomba nauli tu, tukaambiwa mradi umefungwa na kitabu kimefungwa. Tukachangishana wakaenda watatu. Ukumbi tuliukuta umejaa watu walioletwa kwa mabasi na wale wasiotaka mabadiliko, na kila mmoja ana karatasi iliyochapwa ya kusoma. Watatu wetu walisema, wakasikika, lakini watatu ni watatu.

2. Karatasi ya mahudhurio

Hili naomba mlisome taratibu, kwa sababu nikilisema kwenye vikao watu wanadhani naongelea usumbufu wa karatasi.

Kila mkutano tunaofanya mnataka jina kamili, namba ya simu, mtaa anaokaa mtu, umri, sahihi, na picha ya ukumbi nyuso zionekane. Siku moja tulikuwa na mkutano kuhusu mageuzi ya polisi. Karatasi ikazunguka, ikafika kwa mzee mmoja aliekaa karibu na mlango. Akashika kalamu, akaiangalia karatasi muda mrefu, akairudisha kalamu mezani bila kuandika. Nikamfuata nikamwambia mzee wangu ni utaratibu tu. Akaniambia, "Mwanangu, orodha ya mwisho niliyosaini ndio waliyokuja nayo usiku kumchukua mdogo wangu." Hakupandisha sauti. Akanyanyuka akatoka, na nyuma yake wakatoka wengine sita.

Kwenye ripoti idadi ikashuka kutoka 38 tuliopanga hadi 31, na pembeni yake afisa akaandika kwa maandishi mekundu "fafanua upungufu". Nikafafanua. Ripoti ikarudi ikiomba ushahidi wa ufafanuzi.

Waheshimiwa, mpito maana yake viti vya juu vimebadilika. Askari wa mtaani ni yule yule, karani wa usajili ni yule yule, na yule jamaa anaekuja kwenye kila mkutano wetu anakaa nyuma hasemi neno tunamjua sote na tunajua alikuwa anafanya kazi gani zamani. Na milango iliyofunguliwa inaweza kufungwa. Sudan walimtoa rais wao Omar al-Bashir Aprili 2019, na tarehe 25 Oktoba 2021 jeshi likaipindua serikali ya mpito. Tunisia walikaa miaka kumi wakitajwa kama mfano wa kuigwa, tarehe 25 Julai 2021 rais akasimamisha bunge. Ikitokea kwetu, zile karatasi zitakuwa wapi? Nakala moja iko kwenye kompyuta zenu, mbali, salama. Nakala nyingine iko kwenye kabati letu ambalo lina kufuli moja, na mkataba unatuamuru tuitunze miaka saba.

Mimi ndie niliewaambia wale watu wasaini. Kila nikipita mbele ya lile kabati hilo ndilo linalonijia kichwani.

3. Hela inapita mikono mingi mpaka inatufikia mkia

Marekani kupitia shirika lao la misaada, USAID, waliweka lengo mwaka 2021 kwamba ndani ya miaka michache robo ya fedha, yaani asilimia 25, iende moja kwa moja kwa mashirika ya wenyeji. Mpaka mwaka 2023 walikuwa bado kwenye kama asilimia 10. Nawataja sio kwa sababu wao ni wabaya kuliko wengine, ni kwa sababu angalau wao walikubali kujihesabu hadharani. Wangapi kati yenu mmechapisha namba hiyo?

Shirika kubwa linapokea, linakata gharama zake za ofisi, linalipa wataalamu, linampa shirika la pili, la pili linatupa sisi. Hela inapungua kila hatua ila masharti hayapungui, yanaongezeka, maana kila mmoja anaongeza yake juu kujilinda. Sisi mwisho tunaruhusiwa kununua maji ya warsha na kuchapisha mabango, hairuhusiwi kulipa kodi ya ofisi wala mhasibu, alafu tunaulizwa kwanini hatuna mhasibu.

4. Usajili

Mnasema hamwezi kumpa hela asiesajiliwa. Naelewa sheria zenu. Lakini fikirieni nani anaeshika daftari la usajili wakati wa mpito, ni serikali ile ile inayotakiwa kubadilika. Ethiopia ilikuwa na sheria ya mwaka 2009 iliyosema asasi ikipata zaidi ya asilimia 10 ya fedha zake kutoka nje isijihusishe na haki za binadamu wala utawala bora, na ilibidi wasubiri mpaka 2019 ndio ikabadilishwa. Kwahiyo mkisema "aliesajiliwa tu" mnamwachia msajili awachagulie washirika wa mageuzi.

Na Sudan wameonesha vikundi visivyo na cheti vinaweza nini. Zile kamati za upinzani za mitaani, vijana wa mtaa mmoja mmoja, ndizo zilizobeba maandamano, na vita ilipoanza tarehe 15 Aprili 2023 wengi wa vijana hao hao wakageuka vyumba vya dharura, wanapika chakula cha majirani na kutafutia wagonjwa dawa kwenye mitaa ambayo mashirika makubwa yalikuwa yameondoka. Uaminifu wa namna ile haupatikani kwa cheti.

5. Mnatuchukulia watu

Kwa kifupi. Tunamfundisha kijana miaka mitatu, anajua kusoma muswada na kuongea na watu, mnafungua ofisi ya mradi mnamchukua kwa mshahara mara tano, mradi unaisha baada ya mwaka, yeye anabaki bila kazi na sisi tumebaki bila yeye. Simlaumu kijana, ana familia.

6. Tukishambuliwa mnanyamaza

Tuhuma ya "vibaraka wa nje" tunaijua, na siku hizi inaandikwa sheria kabisa, Urusi walianza 2012 na sheria ya mawakala wa kigeni na Georgia wakapitisha ya kwao 2024 pamoja na watu kujaa barabarani kuipinga. Sisi tulipoandikwa kwamba tumenunuliwa, tuliwaomba waliotufadhili wafanye kitu kidogo sana, waweke hadharani mkataba wetu wote, kiasi, kazi na tarehe, ili watu wasome wenyewe. Tukajibiwa kwamba sera yao ni kutokujibu mambo ya vyombo vya habari. Nembo yao tulitakiwa kuiweka kwenye kila bango, kila fulana, kila daftari, na siku ile nembo ikawa ndio ushahidi dhidi yetu.

Najua majibu yatakayokuja, mengine nimeshayasikia kwa masikio yangu.

Mtasema mnawajibika kwa walipa kodi wenu. Ni kweli na ni haki yao, tukagueni basi. Njooni bila taarifa, ongeeni na watu, hesabuni risiti zote. Hatukimbii ukaguzi, tunachokataa ni kukaguliwa kwa vitu ambavyo havioneshi kazi. Kama walipa kodi wenu wangemuona yule mzee na ile kalamu sidhani kama wangetaka sahihi yake.

Mtasema vikundi vidogo havina uwezo wa kusimamia hela nyingi. Wengine hatuna, sawa. Hatujaomba nyingi. Hela kidogo inayokuja kila mwaka kwa miaka mitano inatufaa kuliko hela nyingi ya miezi mitano, na uwezo unajengwa kwa kulipa mhasibu, haujengwi kwa semina ya siku mbili ya uhasibu.

Mtasema baada ya uchaguzi mkiendelea kufadhili mtaonekana mnaingilia siasa. Hapa ndio siwaelewi kabisa. Wakati wa kampeni, siasa ikiwa imechemka kuliko wakati wowote, mlikuwepo na magari na fulana, leo kumsaidia mwananchi asome bajeti ya eneo lake ndio kuingilia siasa?

Na mtasema hela zimepungua. Hili nalikubali bila ubishi, tumeliona, Marekani walisimamisha misaada Januari 2025 na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ikaacha kazi, na kuna vikundi vilifunga milango wiki ile ile vilipopata imeili. Lakini hela ikiwa kidogo ndio sababu zaidi ya kuifanya ya muda mrefu na kuipeleka karibu na watu, na ndio sababu ya kutuacha tujenge miguu yetu wenyewe. Tunisia mwaka 2013 nchi ilipokuwa inakaribia kupasuka waliowakalisha wanasiasa mezani ni muungano wa wafanyakazi, umoja wa waajiri, jumuiya ya haki za binadamu na chama cha mawakili, katiba ikapitishwa Januari 2014 na wao wakapewa Nobel ya Amani 2015. Ule muungano wa wafanyakazi, UGTT, ulianzishwa 1946 na una wanachama wanaolipa ada. Ndio maana walipoita kikao wanasiasa walikuja, walijua nyuma ya hawa kuna watu. Sisi mkataba wetu unasema mchango wowote tukikusanya kwa wanachama ukatwe kwenye ruzuku. Yaani tukijitegemea kidogo tunapunguziwa, kwahiyo tukaacha kukusanya.

Tunayoomba ni haya, na tunaomba mtujibu moja baada ya jingine.

Ruzuku yoyote mnayoiita ya mpito iwe na miaka isiyopungua minne, na angalau nusu ya hela itumike baada ya siku ya uchaguzi. Miezi inayopotea kwenye uhakiki wenu irudishwe kwenye mkataba. Na tengeni fungu dogo la haraka, la nauli na kuchapisha karatasi, ambalo kikundi kinaweza kulipata ndani ya siku tatu kamati ikiita maoni ghafla, sababu kamati zitaendelea kuita maoni ghafla, hilo lina faida kwa wasiotaka kusikia.

Karatasi za mahudhurio zenye majina na simu zikome leo, sio mwaka wa fedha ujao. Hesabuni vichwa, tumeni mtu wenu akae nyuma ahesabu, pigeni picha migongo. Na zile za zamani mtupe ruhusa ya maandishi tuzichome, na nyinyi mfute za kwenu mtuambie mmefuta.

Gharama za kuendesha kikundi zikubaliwe kama gharama za kazi. Hapa hatuombi kitu kigeni, mwaka 2021 nchi wanachama wa Kamati ya Misaada ya Maendeleo ya OECD, yaani nchi tajiri zinazotoa misaada, zilipitisha wenyewe pendekezo kuhusu asasi za kiraia, na humo wamekubali kwamba ufadhili unatakiwa utabirike na unyumbulike. Wengi wenu serikali zenu zimo. Na michango ya wanachama wetu msiikate, ikiwezekana mkiona tumekusanya mia muweke mia.

Vikundi visivyosajiliwa vitafutiwe njia, hata kama ni kupitia kikundi kilichosajiliwa wanachokiamini wao wenyewe, sio mnachowachagulia nyinyi. Mikataba yote iwekwe hadharani tangu siku ya kusaini, nembo iwe hiari ya kikundi. Na mkimchukua mfanyakazi wetu mtulipe gharama ya kumuandaa mwingine.

Barua hii nimewasomea wenzangu wote kumi kabla ya kuituma na wamekubali kila neno. Jibu tunalitaka kwa maandishi na likiwa na jina la mtu aliyeliandika, tupo tayari pia kukutana popote na tutakuja na madaftari yetu ya hesabu.

Kamati imetangaza itarudi tena kupokea maoni, safari hii ni muswada wa polisi, na imebaki miezi mitatu. Wale watu 40 bado wapo. Wiki iliyopita tulikutana nao chini ya mti kwa sababu ukumbi hatuna hela ya kuulipia, na yule mzee wa kalamu alikuja, akakaa mpaka mwisho, akaomba kifungu cha kukamatwa bila hati asome yeye siku hiyo. Tunahitaji nauli yao ya kwenda na kurudi, na tunahitaji kujua kabla ya siku hiyo kama mtatuletea tena ile karatasi asaini.

Wenu katika ujenzi wa nchi,

Mratibu, kwa niaba ya wanakikundi kumi na mmoja